Kuhamia Kibaha, Kisarawe au Bagamoyo kwa ajili ya shule: lipi kweli, lipi si kweli

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam na 2,024,947 mkoa wa Pwani. Tangu wakati huo familia zimeendelea kuvuka mpaka wa mikoa hiyo miwili kutafuta nafasi. Wa Kimara na Mbezi wanaelekea Kiluvya, Kibaha na Mlandizi. Wa Tegeta na Bunju wanapanda Mapinga hadi Bagamoyo, wa Gongo la Mboto na Chanika wanaitazama Kisarawe, na wa Mbagala na Chamazi wanashuka Vikindu hadi Mkuranga. Kabla ya kununua kiwanja, mzazi huuliza bei, maji, umeme na barabara. Kuhusu shule ya sekondari hutegemea anayoambiwa na dalali, jirani au shemeji, na mengi ya hayo hayana ukweli. Nimeyakusanya yale ninayoyasikia mara kwa mara.

"Tukihamia Kibaha, kijana wetu atasoma Kibaha Sekondari."

Si kweli, na hili ndilo linalowaumiza watu wengi zaidi.

Kibaha Sekondari ilifunguliwa mwaka 1965, ikiwa sehemu ya mradi ulioanzishwa na Tanganyika pamoja na Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alisoma hapo. Leo ni miongoni mwa shule za wanafunzi wenye vipaji maalumu, kundi moja na Ilboru, Mzumbe na Tabora Wavulana. Kwa wasichana zipo Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Nafasi za Kibaha hutolewa kwa ufaulu wa mtihani wa darasa la saba, na wanafunzi hutoka mikoa yote ya Tanzania Bara. Mtoto aliyekulia Maili Moja hana kipaumbele chochote mbele ya mtoto wa Sumbawanga. Na kwa kuwa ni shule ya wavulana, anayehama kwa ajili ya binti yake asiihesabu kabisa.

Ndivyo ilivyo kwa shule kongwe nyingine za ukanda huu. Minaki, iliyoko Kisarawe, ilitokana na Chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisionari wa Kianglikana. Pugu, upande wa Ilala karibu na mpaka wa Kisarawe, ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili aiongoze TANU. Hizi ni hazina za taifa zima, na anayeishi jirani nazo hapati upendeleo. Kidato cha tano nacho hupangwa na TAMISEMI kwa nchi nzima: kijana wa Kisarawe anaweza kupelekwa Kigoma, na wa Kigoma akaletwa Minaki. Bagamoyo nayo inasifiwa kwa shule za Marian, lakini hizo ni shule binafsi za Kanisa Katoliki. Anayefaulu usaili na kulipiwa ada huingia, awe wa Bagamoyo au wa Bukoba.

Kwa hiyo mzazi asiye na ada ya shule binafsi ajue kwamba, akishahama, shule anayoweza kuitarajia kwa uhakika ni sekondari ya kutwa ya kata yake. Hiyo ndiyo ya kwenda kuitazama.

"Mtoto hupangiwa shule iliyo karibu na nyumba yenu."

Mara nyingi si kweli. Kwa shule za kutwa, kinachotazamwa ni halmashauri na shule ya msingi aliyofanyia mtihani wa darasa la saba. Mtoto aliyemaliza Mbezi atapangiwa sekondari ndani ya Manispaa ya Ubungo, hata kama wazazi wamehamia Mlandizi mwezi Novemba. Pale Kiluvya, Dar inapokutana na Pwani, mambo ni magumu zaidi: nyumba moja iko chini ya Ubungo, nyingine iko Kisarawe, na wakazi wake wananunua mkate duka moja. Kabla ya kulipa, uliza ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji kiwanja kiko halmashauri gani na kata gani. Dalali asikujibie swali hilo.

Uhamisho upo. Unaanza na barua ya mzazi kupitia kwa mkuu wa shule anakotoka mtoto, na shule anayokwenda lazima ithibitishe kuwa ina nafasi. Ukihusisha mikoa miwili, ngazi za kupita huongezeka. Mwenye mtoto wa darasa la tano au la sita atafanya vizuri kumhamisha sasa, amalizie msingi kule kule wanakokwenda kuishi.

"Shule ya kata ni ya waliofeli."

Si kweli. Shule hizi zilienea kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Wananchi walichangia nguvu na fedha za majengo, serikali ikapeleka walimu. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, na wengi tunakumbuka walimu wa mafunzo ya muda mfupi walioitwa "vodafasta". Lakini kumbukumbu hiyo imegeuzwa kuwa hukumu ya kudumu, na hapo ndipo tunapowakosea watoto. Nafasi za bweni za serikali ni chache mno ukilinganisha na wanaofaulu darasa la saba, hivyo mtoto mwenye alama nzuri kabisa huishia shule ya kata kwa sababu hiyo tu. Mle ndani yumo anayeweza kwenda kusomea udaktari. Swali la kuuliza ni kama kuna mwalimu wa kumfikisha huko.

"Shule yenye divisheni wani nyingi ndiyo yenye walimu bora."

Huenda ikawa kweli, huenda isiwe. Orodha ya matokeo peke yake haiwezi kukuambia.

Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora. Wazazi wengi walilalamika. Nadhani Baraza lilifanya sawa. Shule inayochagua vijana kwa mchujo mkali tangu kidato cha kwanza itatoa alama za juu hata ikifundisha kwa kawaida tu. Shule ya kata inayopokea kila aliyepangiwa, ikawatoa nusu yao na divisheni ya tatu kwenda juu, inaweza kuwa imefanya kazi kubwa kuliko hiyo ya kwanza.

Matokeo bado yanawekwa kwenye tovuti ya NECTA, shule kwa shule, na yana mambo mengi kuliko hesabu ya wani na ziro. Anza na pointi. Kidato cha nne huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Basi tazama mgawanyo wote. Shule yenye wani tano na ziro themanini inawafaa watoto watano. Shule isiyo na wani hata moja lakini wengi wako daraja la pili na la tatu inawabeba karibu wote. Kwa mtoto wa kawaida ningechagua hii ya pili bila kusita.

Kisha shuka hadi jedwali la masomo, ambalo wazazi wengi hawalifikii. Kila somo lina idadi ya waliofanya, waliofaulu, na wastani wake; jinsi wastani unavyokaribia 1 ndivyo ulivyo mzuri. Hisabati huangusha watahiniwa wengi nchini kila mwaka, kwa hiyo shule ya kutwa inayofanya vizuri Hisabati ina mwalimu wa kushikwa kwa mikono miwili. Tazama pia Fizikia na Kemia. Kama kati ya watahiniwa mia moja na hamsini waliofanya Fizikia ni wanane, uliza sababu, maana mara nyingi ni upungufu wa mwalimu au wa maabara. Mtoto anayetaka uhandisi hatakiwi kuligundua hilo akiwa kidato cha tatu.

Jambo la mwisho kwenye matokeo, nalo ni muhimu kuliko yote, ni kulinganisha idadi. NECTA huchapisha pia matokeo ya kidato cha pili. Chukua waliofanya mtihani huo mwaka 2022, kisha waliofanya kidato cha nne shule ile ile mwaka 2024. Ni kundi lile lile, miaka miwili baadaye. Kama walikuwa mia na ishirini wakabaki themanini, arobaini wako wapi? Kwa shule binafsi, huenda waliambiwa wakarudie au watafute shule nyingine ili wasiharibu wastani. Kwa shule ya kata, huenda ni utoro, ajira za utotoni au mimba. Vyovyote iwavyo, mtoto wako anaweza kuwa mmoja wa arobaini hao, na mkuu wa shule anapaswa kukujibu.

"Ukitoka Dar, madarasa yana nafasi."

Nusu kweli. Msongamano hufuata makazi mapya, haufuati jina la mkoa. Mahali ambapo mashamba yamekatwa viwanja na nyumba zikaota kwa wingi, darasa hujaa haraka kuliko serikali inavyoweza kujenga jingine. Chanika na Chamazi zilipita njia hiyo, na kata za Pwani zinazopakana na Dar zinapita huko huko. Ndani ya Kibaha penyewe kata mbili jirani zinaweza kutofautiana kabisa. Nenda siku ya masomo uhesabu madawati.

"Umbali si tatizo, usafiri upo."

Si kweli, na naomba wazazi wa mabinti walisome hili taratibu.

Kwenye ramani, kilomita sita si kitu. Mtoto huzitembea, au husubiri daladala ambayo kondakta wake anamkwepa kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Anatoka giza halijaisha na kurudi jua likizama. Akichelewa anaadhibiwa. Akichoka analala darasani. Halafu anatokea mwenye bodaboda anayempa lifti leo, kesho na keshokutwa. Ni wasichana wangapi wa viunga vya miji wameacha shule kwa mkasa ulioanza na lifti? Barabara pana ya Kimara hadi Kibaha imewasaidia sana wanaokwenda kazini mjini, na treni ya SGR iliyoanza safari za Dar na Morogoro mwaka 2024 ina vituo Soga na Ruvu. Vyote hivyo ni safari za mzazi. Safari ya mtoto ni kutoka mtaani hadi shule ya kata, mara nyingi kwa njia ya vumbi isiyo na taa.

Itembee njia hiyo mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu. Angalia kama kuna mto unaofurika masika, pori, au baa zinazokesha.

"Elimu bila ada maana yake gharama ni zile zile popote."

Si kweli. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita katika mwaka wa fedha wa 2022/23. Sare, madaftari, nauli na chakula cha mchana vimebaki kwa mzazi. Shule ambayo wazazi wamekubaliana kuchangia uji na makande ina faida kubwa juu ya jirani yake ambako watoto hushinda na njaa hadi saa tisa. Uliza kuhusu chakula.

"Akienda bweni, mji tunaoishi haujalishi."

Kweli kwa sehemu kubwa. Ila bweni haliko mikononi mwako kama unategemea serikali, na likizo atazimalizia nyumbani.

"Mdogo wake atakuta mambo kama alivyoyakuta kaka yake."

Si kweli. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inafupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza msingi 2027 pamoja na waliowatangulia mwaka mmoja, na kwa mpango huo madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza Januari 2028. Mwenye mtoto katika makundi hayo aulize swali moja la ziada anapotembelea kata: ni vyumba vingapi vinajengwa sasa hivi? Aulize pia kama shule inatoa mkondo wa amali, kwa kuwa mitaala mipya imeufungulia mlango na si kila shule ina vifaa.

Mtu akiniuliza kati ya Kibaha, Kisarawe, Bagamoyo na Mkuranga ni wapi pa kuhamia, siwezi kumtajia mji. Nitamwambia achague kata: yenye sekondari ya kutwa ambayo mtoto anafika kwa miguu bila hofu, yenye mwalimu wa Hisabati na wa Fizikia aliyeko kazini leo, na ambayo watoto wa kidato cha pili bado wapo wanapofika cha nne. Akiipata hiyo, anunue hapo hata kama kiwanja ni kidogo kuliko alichokitaka.