PICHA TISA ZA DADA: MGUU MPAKA KAZINI KWENYE THELUJI

Theluji wengi wetu tunaijua ya kwenye kalenda. Ile ya kileleni Kilimanjaro, au ile ya sinema za Krismasi ambapo watu wanarushiana madonge huku wanacheka. Wiki hii nakuletea theluji nyingine kabisa, ya mtu anayewahi kazini. Kaa mkao wa kusoma.

Dada yangu mkubwa anaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, kule juu kaskazini mwa Marekani. Kazi yake ni kuhudumia wazee: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha na kusikiliza hadithi zilezile kila siku. Asubuhi moja ya Januari gari likagoma kuwaka, betri imelala kwa baridi. Kazini kwao mtu wa zamu ya usiku haruhusiwi kutoka mpaka wa asubuhi afike, na mzee hawezi kuachwa peke yake hata dakika tano. Dada akaona isiwe taabu, akajifunga makoti mawili akaondoka kwa mguu. Dakika arobaini. Njiani akawa anapiga picha na kuturushia kwenye grupu la familia.

Kwake ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi. Huku Dar tuko mbele yao kwa saa tisa wakati wa baridi yao, kwa hiyo ilikuwa saa kumi jioni, feni inazungusha joto tu, Mama kajifunga khanga, mimi kifua wazi.

Nje kwa dada ilikuwa nyuzi 23 chini ya sifuri. Sasa elewa hivi: friza ya kuhifadhia samaki inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo dada alikuwa anatembea mahali penye baridi kuliko ndani ya friza. Si mchezo!

Picha ya kwanza ni kiza cha bluu na taa za barabarani. Januari kule jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi, watu wanaamka usiku na wengine wanarudi nyumbani usiku. Magari yaliyoegeshwa hayaonekani, umebaki mstari wa vichuguu vyeupe.

Picha ya pili kuna lori lenye koleo kubwa mbele, linasukuma theluji. Hapo ndipo nilipojifunza jambo. Lori linasafishia magari njia, lakini theluji yote linaitupa pembeni, ambako ndiko anakopita mtembea kwa miguu! Njia ya miguu ni jukumu la mwenye nyumba. Sheria ya mji inampa saa 24 tangu theluji iache kuanguka awe ameshaondoa iliyo mbele ya kwake. Wapo wanaofanya, wapo wanaochungulia dirishani na kurudi kulala. Picha ya tatu inaonyesha vizuri: mbele ya nyumba moja saruji inaonekana safi, hatua mbili mbele dada amezama mpaka magotini. Ukitaka kumjua jirani yako kule, tazama kibaraza chake.

Na chumvi je? Nilimuuliza, maana nilisikia wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Kumbe baridi ikizidi, kuanzia nyuzi tisa hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inazidiwa nguvu. Hapo wanamwaga mchanga ili angalau kiatu kishike. Wenyeji wanatembea kama bata, hatua fupifupi, miguu imepanuka kidogo, kwa sababu barafu nyembamba haionekani mpaka ikushushe. Na theluji kavu inalia chini ya kiatu, kwiku kwiku, kama ukifinya mfuko wa wanga.

Picha ya tano ndiyo iliyozua kasheshe. Dada kajipiga mwenyewe, kope zimeota barafu kwa pumzi yake mwenyewe. Baba Mdogo akaandika, "Mwanangu unakula maisha!" Shangazi naye akaja juu, "Mbona umekuwa mweusi hivyo, unaumwa?"

Hapo naomba niwe fundi kidogo. Kamera inapokadiria mwanga hudhani kila inachokiona kina rangi ya wastani, ya kijivukijivu. Ikikutana na weupe mtupu inashtuka na kupunguza mwanga. Matokeo yake theluji inatoka ya kijivu na uso wa mtu, hasa wetu sisi weusi, unageuka kivuli. Dawa ni kugusa uso kwenye kioo cha simu na kuongeza mwanga. Dada hajaugua wala nini.

Kupiga picha theluji kuna mashujaa wake. Mkulima mmoja wa Jericho, jimbo la Vermont, jina lake Wilson Bentley, mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapata picha ya chembe moja ya theluji. Aliendelea hivyo miaka zaidi ya arobaini, picha zaidi ya 5,000. Desemba 1931 alitembea kurudi nyumbani kwenye dhoruba ya theluji, akapata nimonia, akafa. Hiyo sikumwambia Mama siku ile.

Kwa sababu baada ya picha ya saba, kimya. Picha yenyewe ilikuwa nzuri, mbingu imeanza kuwa ya waridi juu ya ziwa lililoganda na watu wanakatiza katikati kama uwanja wa mpira. Halafu basi. Dakika kumi. Ishirini. Mama akaanza kuuliza ziwa hilo dada naye anapita juu yake au pembeni. Katikati ya hofu hiyo Baba Mdogo akatupia ujumbe wa kumkumbusha dada ada ya shule ya wanawe. Nilitamani nimpigie simu.

Nusu saa na ushee, picha ya nane ikaingia: vidole vyekundu juu ya beseni. Simu ilizimika ikiwa na chaji zaidi ya nusu, maana baridi inaua nguvu ya betri, na alikuwa ameishika mkononi bila glovu ili atupigie picha sisi. Mama akasema avisugue kwa mafuta ya moto. Dada akajibu kwa sauti, anacheka na kuugulia: "Hapana Mama, kidole kilichoganda hakisugui mtu, ngozi inachubuka. Maji ya uvuguvugu tu. Vinauma kama vimemwagiwa pilipili, lakini vikiuma ndiyo vizuri, damu inarudi."

Ya tisa haina theluji. Ni kikombe cha uji na mkono wa mzee umekishika. Mwenzake wa usiku alikuwa ameshaondoka.

Mama aliisikiliza ile sauti mara tatu. Mimi nikapandisha juu kusoma tena ujumbe wa Baba Mdogo wa ada. Alikuwa ameshaufuta.