Usalama wa Mgonjwa Unapimwa na Nani?



Mara nyingi ukurasa huu unakukumbusha kofia, buti na glavu. Leo tunataka kuongea nawe juu ya usalama mwingine, usiovaliwa kichwani wala miguuni. Ni usalama wa mtu anapoingia kwa mwenzake kuomba msaada: dispensari, nyumba ya uzazi, shuleni, ofisi ya mambo ya jamii.

Fikiri kidogo juu ya machimbo. Kapita amesimama juu, anautazama ukuta wa udongo, anasema ni imara, kazi iendelee. Wewe uliye chini na koleo mkononi umeona mpasuko na kusikia kokoto zikidondoka. Kati yenu wawili, nani anajua zaidi kama mahali pale ni salama? Ni yule ambaye udongo utamwangukia. Kapita mwenye akili huwasikiliza walio chini.

Kwa mgonjwa ni vivyo hivyo. Muuguzi anaweza kusema, "Nimemhudumia vizuri." Lakini anayejua kama alihudumiwa kwa usalama ni mgonjwa mwenyewe.

Fundisho hili lilitoka wapi?

Lilitoka mbali, Nyuzilandi, kwa Wamaori, wenyeji wa nchi ile tangu kabla ya Waingereza. Mwaka 1988, katika mkutano wa wauguzi, msichana mmoja wa Kimaori aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa masomo aliuliza: mnatufundisha usalama wa dawa na usalama wa sheria, je, usalama wa utamaduni wetu uko wapi? Muuguzi Irihapeti Ramsden, naye Mmaori, alilishika swali hilo na kulifanya somo. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi ile likaliingiza katika mafunzo ya kila muuguzi.

Ramsden hakusema kwamba muuguzi akariri desturi za kila kabila. Alisema muuguzi ajitazame kwanza yeye mwenyewe: kabila lake, dini yake, koti lake, nguvu aliyo nayo juu ya mtu aliyelala kitandani. Kisha mgonjwa ndiye aseme kama amekuwa salama.

Kwetu Maniema je?

Sisi tunalijua jambo hili hata kama hatukulipa jina. Wakati wa Wabelgiji, watu walipangwa mistari wapimwe ugonjwa wa malale. Walishikwa shingo kutafuta tezi, na waliokutwa wagonjwa walipelekwa kutengwa mbali na jamaa zao. Dawa ya kwanza, atoxyl, iliwapofusha wengine. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na ulikuwa unaua, lakini watu wengi walikimbilia msituni waliposikia waganga wanakuja. Mtu aliyekimbia hakutibiwa.

Fundisho jema nalo tunalo hapa hapa nyumbani. Huko Kasongo, kuanzia mwaka 1971, waganga na wauguzi walioshirikiana na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp walipanga matibabu kwa njia nyingine. Waliweka vituo vidogo karibu na watu, vikiongozwa na wauguzi, na wakaaji wakaketi katika kamati kusema maoni yao. Kazi ile ya Kasongo ilisaidia kuonyesha njia ya zone za afya ambazo nchi yetu ilizipanga katika miaka ya 1980.

Sasa tazama Kindu. Katika baraza moja la dispensari wanaweza kuketi Mlega wa Pangi, Mkusu wa Kibombo, Msongola wa Kailo, Mkumu wa Punia na Mgenya wa mtoni Lualaba. Yupo Mkristo, yupo Mwislamu. Yupo aliyekimbia vita akaacha kila kitu, na mtu wa msituni ambaye wengine bado wanamwita kwa jina la dharau. Huyu wa mwisho, sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zake kama raia wa kabila asilia. Lakini sheria iliyo Kinshasa haitamkaribisha mlangoni. Atakayemkaribisha ni wewe.

Aibu inaua

Usidhani haya ni mambo ya adabu tu. Msichana akibakwa, dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI inafaa ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Akiulizwa mbele ya watu, "Ulivaa nini? Ulikwenda kufanya nini kule?" atarudi nyumbani, na saa zitapita. Ndiyo sababu katika Hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, wako akina mama wanaoitwa Mamans Chéries. Kazi yao ni kumpokea mwanamke na kukaa karibu naye, ili asiwe peke yake mbele ya mganga.

Mchimbaji anayekohoa naye ataficha kifua kikuu chake kama anajua kwamba kesho kambi nzima itasema. Akikificha, watoto wake wanalala chumba kimoja na ugonjwa. Na mama aliyetukanwa alipokuwa katika uchungu, mimba ijayo atazalia nyumbani, mbali na msaada kama damu itamwagika nyingi.

Basi ufanye nini?

Wewe muuguzi, mwalimu au msaidizi wa huduma ya kwanza katika timu yako:

1. Salimu kwanza, taja jina lako, uliza mtu anapenda kuitwa nani.

2. Uliza, usikisie. "Kuna jambo la desturi au la dini nipaswalo kulijua?" Mwanamke akiomba kuhudumiwa na mwanamke, mtafute kama yupo.

3. Mwezi wa Ramadhani, usimfokee mgonjwa anayefunga. Dini yenyewe inamruhusu mgonjwa kufungua. Akikataa, pangeni pamoja saa za dawa kabla hajaamua peke yake kuiacha.

4. Asiyejua Kiswahili, mtafutie mkalimani mtu mzima anayemwamini. Usimfanye mtoto mkalimani wa siri za mama yake.

5. Eleza unachotaka kufanya kabla ya kumgusa, ungoje akubali.

6. Uliyosikia chumbani yabaki chumbani, hata mbele ya kapita, hata mbele ya bibi yako.

7. Mwishoni uliza: "Umeona tulivyokuhudumia vimekufaa?" Kisha nyamaza usikilize.

Nawe uliye mgonjwa, una haki ya kusema, "Hapa sijisikii salama." Nanyi jirani wa kambi, msimcheke anayetoka kwa mganga. Kicheko chenu kinaweza kumfungia mwingine mlango.

Wengine watasema: kazi ni nyingi, dawa chache, tutapata wapi nafasi ya maswali haya? Tunajibu: kuuliza jina hakuhitaji franga hata moja. Na mgonjwa aliyeuelewa ugonjwa wake humaliza dawa, lakini aliyeaibishwa hurudi akiwa mahututi, au harudi kabisa.

Ndugu, chini ya ukuta wa udongo unataka kapita akusikilize. Msikilize vivyo hivyo yule aliye chini ya mkono wako.

USALAMA NI KWA KILA MTU!