Mapazia ya Dirisha na Umande wa Majira ya Baridi

Katika nchi zenye majira makali ya baridi, kama vile Uingereza, Ujerumani na Kanada, si ajabu watu kuamka asubuhi na kukuta vioo vya madirisha vimelowa kwa ndani, ilhali hakuna mvua iliyoingia. Maji hayo hutiririka na kuyalowesha mapazia ya vibao vyembamba, ambayo wengi huyaita blaindi. Hali hiyo ikiendelea, vibao vya mti hupinda, vyuma vya kuning'inizia hushika kutu, na mapazia ya kitambaa huota madoa meusi ya kuvu. Wenye nyumba hudhani kwamba dirisha linavuja. Kumbe maji yametoka ndani ya chumba chenyewe.

Asili ya Maji Hayo

Hewa hubeba mvuke usioonekana, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyoweza kubeba mvuke mwingi zaidi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 za sentigredi huweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Katika nyuzi 5 huweza kubeba gramu 7 tu, na katika nyuzi 0 gramu 5 hivi.

Chukulia chumba chenye nyuzi 20, ambacho hewa yake imebeba nusu ya mvuke inaoweza kuubeba. Hewa hiyo ikipozwa hadi nyuzi 9 hivi huwa imeshiba, na ikipozwa zaidi, mvuke unaozidi hugeuka kuwa maji. Halijoto hiyo ya kushiba huitwa halijoto ya umande. Sasa, nje kukiwa na nyuzi 0, uso wa ndani wa dirisha la kioo kimoja huwa na nyuzi 5 hivi. Kwa hiyo ni lazima ulowe. Dirisha la vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati huwa na nyuzi 13 hivi kwa ndani, nalo hubaki kavu.

Pazia Linavyojidhuru

Hapa pana jambo la kushangaza. Pazia likifungwa usiku ili kuhifadhi joto, hufanya kazi ya blanketi, lakini kioo hubaki nje ya blanketi hilo. Joto la chumba halikifikii vizuri, nacho huzidi kupoa. Mvuke, kwa upande wake, hupenya katika mianya ya vibao bila taabu. Hata dirisha la vioo viwili laweza kulowa nyuma ya pazia lililofungwa. Hivyo pazia lenyewe husaidia kuleta maji yanayoliharibu.

Kinga

Kukausha kioo kwa kitambaa kila asubuhi kunafaa, lakini hakuondoi chanzo. Kwanza, mvuke upunguzwe. Mtu aliyelala hutoa gramu 40 hivi za mvuke kwa saa. Watu wawili kwa usiku wa saa nane hutoa zaidi ya nusu lita ya maji. Sufuria zifunikwe, na nguo zisianikwe chumbani. Majiko ya gesi yasiyo na bomba la kutolea moshi huongeza tatizo, kwa kuwa kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya maji.

Pili, hewa ibadilishwe. Wengi huogopa kwamba hewa ya nje, hasa siku ya mvua, italeta unyevu. Lakini hewa ya nyuzi 0, hata ikiwa imeshiba, ina gramu 5 tu za mvuke. Ikiisha kupashwa joto hadi nyuzi 20 huwa kavu sana.

Tatu, pazia lisigusane na kioo, liachiwe nafasi chini na juu ili hewa ipite, na lifunguliwe mapema asubuhi. Jikoni na bafuni, vibao vya alumini au plastiki hustahimili unyevu kuliko vya mti.

Mapazia yaliyoota kuvu ni onyo kwa wakazi wenyewe. Mwaka 2020 mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, aliyeishi mjini Rochdale, Uingereza, alifariki. Mwaka 2022 mchunguzi rasmi wa vifo aliamua kwamba chanzo kilikuwa kuvutia kwa muda mrefu hewa yenye kuvu katika nyumba aliyoishi, ambayo haikuwa na njia za kutosha za kupitisha hewa. Mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwabana wapangishaji wa nyumba za jamii washughulikie unyevu na kuvu kwa muda maalumu.

Jaribio la Darasani

Kanuni hii yaweza kuonyeshwa hata katika nchi za joto. Mimina maji katika kopo la bati linalong'aa, tia kipimajoto, kisha ongeza vipande vya barafu kidogo kidogo huku ukikoroga. Andika halijoto wakati ukungu unapoanza kuonekana nje ya kopo: hiyo ndiyo halijoto ya umande ya hewa ya darasa. Rudia jaribio asubuhi na mchana, milango ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, kisha wanafunzi waeleze tofauti watakazoziona.