Jicho Lisilobanduka: Sayansi ya Kufunga Chambo cha Manyoya

Mwaka 1905 samaki wa jamii ya trauti kutoka Scotland walipandikizwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Pamoja na samaki huyo ulistawi uvuvi wa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa kwa uzi, manyoya na nywele za wanyama hata ikafanana na mdudu au kisamaki. Baadaye kufunga vyambo hivi kwa mkono kukawa kazi ya ajira nchini humo, na vyambo vinavyofungwa huko huuzwa Ulaya na Marekani.

Miongoni mwa sehemu za chambo kama hiki, jicho ndilo linaloweza kuharibu kazi yote. Jicho likilegea, chambo hupinda na kuogelea kombo. Likibanduka, jasho la mfungaji limepotea. Je, jicho dogo la madini lifungwe vipi hata listahimili kutupwa majini mara mia, kugonga mawe na kung'atwa na samaki?

Kazi ya jicho

Samaki mlaji hutazama sana jicho la windo lake, kwa kuwa jicho huonyesha kichwa kilipo. Ndiyo sababu baadhi ya samaki wa matumbawe wana doa jeusi karibu na mkia: adui hudanganyika akashambulia upande usio na hatari kubwa.

Lakini jicho la chambo lina kazi ya pili. Katika miaka ya 1980 mvuvi Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, alibuni chambo chenye macho mazito ya risasi, mfano wa mfupa mfupi uliovimba ncha zote mbili, yaliyofungwa juu ya mti wa ndoana. Kila kitu kinachoning'inia majini hujigeuza mpaka kitovu chake cha uzito kiwe chini. Basi macho hayo huigeuza ndoana, ncha yake ikatazama juu, isinase mawe wala majani. Chambo hicho hutumika mitoni na hata baharini, kwa samaki kama kolekole.

Kwa kuwa risasi ni sumu, mafundi wengi sasa hutumia aloi ya shaba na zinki, au tangsteni. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 uuzaji wa vipande vingi vya risasi vya kuvulia, baada ya mabata maji kufa kwa kuvimeza. Kwa hiyo jicho la risasi lililobanduka si hasara ya mvuvi peke yake.

Uzi unavyoshika

Chuma cha ndoana ni laini, na jicho la madini ni laini vilevile. Vitu viwili laini vikigusana msuguano wake ni mdogo. Kwa hiyo fundi hubana ndoana kwenye jiliwa, kisha huzungushia mti wake tabaka la uzi kabla ya kuweka jicho. Tabaka hilo ndilo msingi: hutia mikwaruzo, nalo jicho hukaa juu ya uzi badala ya chuma kitupu.

Hatua ya pili ni kufunga kwa msalaba. Uzi hupita kwa mshazari juu ya shingo ya jicho kutoka kulia kwenda kushoto, kisha kutoka kushoto kwenda kulia, kama fundi wa nyumba za miti anavyofunga fito juu ya nguzo. Hapa inafanya kazi kanuni iliyoelezwa na mwanahisabati Leonhard Euler katika karne ya 18: mizunguko ikiongezwa mmoja mmoja, uwezo wa kushika huzidishwa kila mara. Kipimo cha msuguano kikiwa 0.2, mzunguko mmoja hushika mvuto mara 3.5 hivi ya ule ulioanza nao. Mizunguko mitatu hushika zaidi ya mara 40.

Hata hivyo msalaba peke yake hautoshi, maana jicho bado linaweza kuzunguka. Siri iko katika hatua ya tatu. Fundi huzungusha uzi kwa mlalo, chini ya jicho na juu ya mti wa ndoana, akiibana ile misalaba pamoja. Kamba iliyokwisha kukazwa ikivutwa kwa ubavuni, nguvu ndogo huzaa mkazo mkubwa ndani yake. Mizunguko michache ya mlalo hukaza fundo kuliko mingi ya msalaba.

Gundi ni msaidizi

Gundi ya saianoakrileti, ile ikaukayo papo kwa papo, hugandishwa na unyevu mdogo ulio juu ya vitu. Ni nyepesi, hupenya kati ya nyuzi na kuzifunga. Lakini ikikauka huwa ngumu na huvunjika ikigongwa. Haiwezi kushika mahali pa uzi. Epoksi huchelewa kukauka lakini huacha ganda nene. Hufaa hasa kwa macho bapa ya plastiki, ambayo hubanduka upesi yakibandikwa tu: epoksi hulifunika jicho lote, likawa limezingirwa. Gundi yoyote hushindwa penye mafuta, hata yale ya vidole. Kwa hiyo jicho lipanguswe kwanza kwa spiriti.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wachukue penseli tatu, misumari mitatu na uzi wa kushonea. Kila msumari uwekwe kukingama juu ya penseli. Wa kwanza ufungwe mizunguko 20 ya msalaba. Wa pili ufungwe 14 ya msalaba na 6 ya mlalo. Wa tatu ufungwe kama wa pili, kisha utiwe tone la gundi. Gundi ikikauka, uzito uleule uning'inizwe kwenye ncha ya kila msumari na kuongezwa kidogo kidogo, mpaka msumari uzunguke. Matokeo yaandikwe katika jedwali, nao wanafunzi waeleze ni kiasi gani cha nguvu kimetokana na gundi, na ni kiasi gani kimetokana na mpango wa uzi.