Kabla ya kununua dawa ya panya, tuzunguke nyumba

Wamama wenzetu, mvua zimekaribia. Mwezi wa kumi ukifika hapa Fungurume, vumbi la barabara ya Likasi na Kolwezi linapigwa na matone ya kwanza, na kila kilichokuwa porini wakati wa ukavu kinaanza kutafuta mahali pa kulala. Mahali hapo ni kwetu. Panya anahamia jikoni, mchwa anapanda ukuta, mbu anazaliwa katika kila shimo lenye maji. Siku hizo hizo tunaanza kuwasikia vijana wakipita avenyu kwa avenyu na karato kichwani: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni! Na sisi tunatoka na faranga mkononi.

Wiki hii tunataka kuzungumza juu ya dawa hiyo, na juu ya kazi ndogo ya kila wiki ambayo, ikifanywa, inatuondolea haja ya kumwita yule kijana. Tunaanza na dawa kwa sababu ndiyo inayotutia hofu zaidi.

Angalieni namna inavyouzwa. Ni kifuko kidogo cha plastiki, kimefungwa fundo, bila jina, bila alama, bila tarehe. Pengine ndani kuna chembe za rangi ya waridi au bluu ambazo mtoto ataziona kuwa bonbo. Pengine ni unga mweusi, au maji meupe katika chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui kilichomo. Alinunua kwa mwingine, akagawa kwa kijiko. Lakini katika vifuko hivyo kuna jamii mbili za sumu zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza inazuia damu isigande. Panya anaila leo, anaendelea kutembea, na baada ya siku tatu mpaka saba anakufa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Ya pili ni dawa ya mashambani, ya kuua wadudu wa mboga na mahindi, iliyotolewa huko ikaletwa mjini. Hiyo inashika mishipa ya fahamu, na panya anaanguka karibu na chambo. Wateja wanaipenda hii ya pili kwa sababu asubuhi wanaona maiti. Ni hiyo hiyo inayoweza kumuua mtoto kabla hamjafika hospitali.

Mtoto aliyekula sumu ya mashambani anatokwa na mate na jasho jingi, anatapika, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, na pumzi inakuwa ya shida. Aliyekula ile ya damu anaweza kucheza siku nzima, hata mbili, bila dalili yoyote, halafu fizi au pua zinaanza kutoka damu. Matibabu yao si mamoja. Kwa ile ya mishipa munganga anatafuta atropini, kwa ile ya damu anatafuta vitamini K. Ndiyo maana swali lake la kwanza ni: amekula nini? Na mama aliyenunua kifuko kisicho na jina hana la kujibu.

Ikitokea, tusimtapishe mtoto. Tusimpe maziwa, tusimpe mafuta ya mawese, hata kama nyanya yake anasisitiza, maana mafuta yanaweza kumwingia mapafuni. Tutoe mabaki mdomoni, tumvue nguo zilizoguswa na sumu, tumwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha twende moja kwa moja kwenye kituo cha afya tukiwa na kile kifuko na kilichobaki ndani yake. Twende hata kama anaonekana mzima.

Hatusemi dawa isitumike kamwe. Iko ile yenye karatasi na jina, inayowekwa ndani ya kisanduku chenye tundu la panya peke yake, ambapo mkono wa mtoto na mdomo wa kuku havifiki. Lakini hiyo ni ya mwisho, baada ya kazi nyingine zote. Na tukumbuke paka: akila panya mwenye sumu naye anaweza kufa, na hapo tumemfukuza kazi mfanyakazi ambaye hakuwa akidai mshahara.

Sasa kazi yenyewe. Wazee wetu wanalikumbuka neno salongo tangu wakati wa Mobutu, na wengine hawalipendi kwa sababu lilikuwa la kulazimishwa. Sisi tunalitaka lirudi, lakini lianzie ndani ya lupango wa kila mmoja, mara moja kwa wiki. Kwa nini kila wiki na si kila mwezi? Kwa sababu ya mbu. Katika joto letu, yai la mbu linageuka kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku saba hivi mpaka kumi na nne. Ukimwaga maji kila Jumamosi, watoto wake wanakauka kabla hawajaota mabawa. Ukimwaga mara moja kwa mwezi, umewaacha wamalize masomo na kupata diploma.

Kwa hiyo: gurudumu la zamani, kopo la nyanya, sahani ya kuku, bido lisilo na kifuniko, sehemu ya tole iliyobonyea ikashika maji. Vitu hivi ni vya dakika kumi. Lakini tusijidanganye. Mbu wa malaria hapendi sana makopo; anapenda maji yaliyotuama ardhini, yenye kupigwa na jua. Na hapa kwetu maji hayo tumeyachimbia kwa mikono yetu wenyewe. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma, na udongo mzuri wa tofali ni ule wa kichuguu. Vijana wanabomoa kichuguu, wanachimba chini yake, wanafyatua, wanachoma, wanauza, wanaondoka. Shimo linabaki. Mvua ya kwanza inalijaza. Nyumba inapanda upande mmoja wa avenyu, na mbu wa kuila familia hiyo anazaliwa upande wa pili.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba katika kila wagonjwa 100 wa malaria duniani, karibu 12 ni wa Kongo. Nigeria peke yake inatupita. Kila mmoja wetu anajua maana ya hesabu hiyo: usiku wa homa, feza ya likelemba iliyokuwa ya shule inayoishia kwenye sindano.

Juu ya kupuliziwa dawa ukutani, tuna neno. Kampuni ya Tenke Fungurume Mining ilianza kutoa shaba mwaka 2009, na tangu miaka ile watu wa hapa wanazijua timu zinazoingia nyumbani na pampu mgongoni. Wako wanaozifungia mlango, na tunaelewa: kutoa vyombo nje ni kazi, na jirani anaona godoro lako. Lakini dawa ile inafanya kazi kwa njia rahisi. Mbu akishiba damu anakuwa mzito, anatua ukutani apumzike, na miguu yake inashika dawa. Inakaa miezi kadhaa, kwa sharti moja: ukuta usiguswe. Na hapo ndipo sisi wamama tunapoharibu. Timu inapita mwezi wa kumi na moja, Noeli inakaribia, tunataka nyumba ing'ae, tunapaka chokaa mpya. Dawa yote imezikwa chini ya chokaa! Anayetaka kupaka, apake kabla timu haijafika. Siku ya kupuliziwa chakula na vyombo vitoke, watu na wanyama wabaki nje kwa muda ambao timu itasema, kisha mdudu aliyekufa afagiliwe na kuzikwa kabla kuku hajamwona. Na chandarua kiendelee kutumika vilevile. Kinafuliwa kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua kali linaua dawa yake.

Mchwa tunamsamehe mapema kila mwaka, kwa sababu mvua ya kwanza anatuletea nswa, na hakuna mtoto wa Katanga asiyekimbilia taa na beseni usiku ule. Wale wanaoruka ni wa kula. Wanaobaki chini ya ardhi ndio wanaokula sisi. Mchwa hapendi mwanga wala hewa kavu, kwa hiyo anajenga njia yake ya udongo, nyembamba kama kidole, kutoka sakafuni kupanda ukutani mpaka kwenye mti wa paa. Mwenzetu mmoja aliona mstari huo nyuma ya kabati, akaupangusa kwa kitambaa, akauona tena wiki iliyofuata, akaupangusa tena. Mwaka wa pili, upepo wa mvua ulipoinua tole mbili, mti uliozishika ulikuwa ganda tupu. Ukiubonyeza, kidole kinaingia. Ukiona njia ya udongo, usiipanguse tu. Ivunje, ifuate mpaka chini inakotokea, ziba ufa huo kwa simenti, na uirudie kila Jumamosi. Kuni, mbao na matofali ya akiba visiegemezwe ukutani. Majivu ya mbabula yanasaidia kidogo yakiwa makavu; yakilowa hayana maana. Wako wanaopaka miti mafuta machafu ya motere. Kwa nguzo ya uzio sawa, lakini katika chumba cha kulala, hapana: harufu haitoki, na moto ukishika hakuna wa kuuzima.

Tufike jikoni, ambako panya anaishi. Katika mkutano wetu dada mmoja alilalamika, "Tantine, nina paka wawili na panya hawaishi." Mama mzee aliyekaa karibu naye akamwuliza bukari inayobaki usiku inalala wapi. Kwenye sufuria, juu ya meza. Mahindi je? Kwenye gunia, sakafuni, pembeni. "Basi, mwanangu, usiwalaumu paka. Wewe ndiye unayewapikia panya kila siku." Tulicheka, lakini ndivyo ilivyo. Panya jike anazaa baada ya wiki tatu za mimba, na watoto sita au zaidi kwa mara moja ni kawaida. Baada ya miezi michache hao nao wanazaa. Hakuna sumu wala paka anayeshinda hesabu hiyo ikiwa chakula kiko wazi. Chakula kikifungwa, hesabu inajivunja yenyewe.

Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, ili ufagio upite na panya asipate mahali pa kujificha. Maharagwe na mahindi yaliyokauka vizuri yanaweza kukaa katika bido lenye kifuniko cha kukaza. Humo panya hapenyi haraka, na hata vidudu vya nafaka vinakosa hewa. Ni lazima yawe makavu kweli, la sivyo yataoza. Kisha tupime matundu kwa kidole gumba. Tundu ambalo kidole gumba kinapita ni mlango wa panya, na la panya mdogo wa nyumbani ni dogo zaidi, kama kalamu. Chini ya mlango, kati ya ukuta na tole, pale bomba linapoingia: ziba kwa simenti, au kwa kipande cha tole, au kwa waya wa kusugulia sufuria. Kitambaa na plastiki anavikata usiku mmoja. Kazi hii haifanywi kila wiki. Ya kila wiki ni kuangalia kama kuna tundu jipya. Na panya akikosa chakula kwako, nyoka naye anakosa sababu ya kuja, jambo ambalo wanaokaa karibu na pori hawahitaji kuambiwa.

Mende na kunguni tunawataja kwa haraka. Mende anafika ndani ya karato za sokoni, kwa hiyo karato lifunguliwe nje na libaki nje. Kunguni anafika na godoro la kununua la mtumba. Atafutwe kwenye mishono kabla godoro halijavuka mlango, na nguo na mashuka yaoshwe kwa maji ya moto sana. Dawa ya shambani isipuliziwe kwenye kitanda cha mtoto, kwa sababu yoyote ile.

Linabaki lile ambalo hakuna anayeliweza peke yake ndani ya lupango wake, nalo ni mashimo ya matofali. Tulizungumza na vijana wanaofyatua. Mwanzoni walisema shimo si lao, ni la aliyechimba kabla yao. Na huyo naye, akiulizwa, angesema hivyo hivyo. Mwishowe walikubali kutoa vipande vya matofali yaliyovunjika na majivu ya tanuru, na kuanzia sasa watachimba shimo moja mpaka liishe kabla ya kufungua jingine. Sisi tumekubali kujaza. Jumamosi hii tunaanza na yale mawili yaliyo kati ya mwembe mkubwa na njia ya reli, asubuhi mapema, kabla jua halijakuwa kali. Wenye majembe na mikokoteni waje navyo. Asiye navyo aje na beseni. Watoto wabaki nyumbani, maana lile la pili lina kina.