Moto wa angani hauna ndimi: wachora katuni wauchoreje?

Katika filamu nyingi za vita vya angani, chombo kikipigwa hupasuka kwa kishindo, likafumuka bonge la moto la rangi ya machungwa, na moshi ukapanda ukijiviringisha. Ni tamasha la kuvutia, lakini moto huo ni wa duniani. Moto halisi wa angani una tabia nyingine kabisa, na msanii anayeijua hupata picha mpya na za kutisha zaidi.

Tuanze na mshumaa. Ukiuwasha mezani, hewa iliyopata joto huwa nyepesi na kupanda, na hewa baridi yenye oksijeni huingia kwa chini kushika nafasi yake. Mkondo huo ndio unaouvuta mwali ukawa mrefu wenye ncha. Rangi ya njano hutokana na chembe za masizi zinazong'aa kwa joto.

Ndani ya chombo kinachoizunguka Dunia, watu, vifaa na hewa huanguka pamoja, kwa hiyo kila kitu huelea. Hewa ya moto haina juu pa kupandia. Oksijeni huufikia mwali polepole, kwa kusambaa kutoka kila upande. Mishumaa iliyowashwa ndani ya chombo cha Columbia mwaka 1992 ilitoa miali midogo ya buluu yenye umbo la nusu duara. Baadaye, katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, watafiti waliunguza matone ya mafuta na kukuta jambo la ajabu zaidi: mwali ulipotea machoni, ilhali tone liliendelea kuungua kwa joto la chini, bila mwanga wa kuonekana.

Hatari ya moshi

Moto mpole wa maabara usimdanganye mtu. Tarehe 23 Februari 1997, mtambo wa kemikali za kuzalisha oksijeni uliwaka ndani ya kituo cha anga cha Mir, kikiwa na watu sita. Kwa kuwa mtambo wenyewe ulikuwa ukitoa oksijeni, moto ulichomoka kwa nguvu kama mwenge. Moshi ulikijaza kituo, wakalazimika kuvaa barakoa za oksijeni, na moto ukaziba njia ya kufikia kimoja kati ya vyombo viwili vya kuokokea. Wote walinusurika.

Duniani tunafundishwa kutambaa moto unapotokea, kwa sababu moshi hupanda na hewa ya chini huwa afadhali. Angani hakuna sakafu ya kukimbilia. Moshi hufuata upepo wa feni za kusambaza hewa, ndiyo maana kuzima feni ni miongoni mwa hatua za kwanza. Mchoraji wa moto wa ndani ya chombo basi ajiulize kwanza: feni iko wapi?

Mlipuko wa nje

Nje ya chombo ni ombwe. Mafuta hayawaki bila oksijeni, isipokuwa chombo kiwe kimeibeba chenyewe. Tangi likipasuka, gesi hutawanyika pande zote kwa kasi kubwa mno, hupungua msongamano na kupoa, na mwako hufifia mara moja. Hakuna hewa ya kuuviringisha moshi wala ya kupunguza mwendo wa vipande. Kila kipande huenda kilikoelekezwa, kikijizungusha bila kusita.

Sauti nayo haipiti katika ombwe, ila hupita katika kuta za chombo. Aprili 13, 1970, tangi la oksijeni la chombo cha Apollo 13 lilipopasuka zaidi ya kilomita 300,000 kutoka Duniani, wanaanga watatu walisikia kishindo na kuhisi mtikisiko. Muda mfupi baadaye, mmoja wao, Jim Lovell, alitazama dirishani akaona gesi ikivuja kuelekea angani. Hapakuwa na bonge la moto, lakini gesi ile ilikuwa pumzi yao na umeme wao.

Kwenye kompyuta

Programu ya bure ya Blender ina zana za kuunda moto na moshi. Kwa tukio la angani, weka mvutano kuwa sifuri, ondoa nguvu ya joto ya kupandisha moshi, na uache gesi itoweke haraka. Vipande visipunguziwe mwendo. Mwanga umulike ubavu wa chombo kwa nukta chache, kisha uzime. Kata sauti ya nje na ubakize ya ndani: vyuma vikilia, pumzi zikihema. Filamu ya Gravity ya mwaka 2013 ilithibitisha kwamba maangamizi bila kishindo humshika mtazamaji barabara.

Mwaka 2023 ulipotoka mkusanyo wa katuni za Kiafrika uitwao Kizazi Moto, akiwemo Mkenya Ng'endo Mukii miongoni mwa waongozaji, ilionekana wazi kwamba wasanii wetu wana uwezo wa kubuni ulimwengu wowote. Wasiirithi milipuko ya studio za kale bila kuihoji. Mtoto anayetazama katuni anajifunza fizikia bila kujua, na anastahili kufundishwa iliyo kweli.