Mvua, Mpira na Zamu ya Jumamosi

Hapa Uingereza mtu akikukuta kwenye lifti hakuulizi umeamkaje. Anakwambia, "Leo baridi kweli," nawe unakubali kwamba ni baridi, na safari ya ghorofa nne inakwisha kwa amani. Sisi tuliolelewa na mlolongo wa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, na wazee hawajambo, mwanzoni tulidhani huu ni ubahili wa salamu. Sivyo. Ndiyo salamu yenyewe. Hali ya hewa ni mali ya wote, na mvua ikinyesha hakuna wa kubishana nawe kwamba inanyesha. Anayeharibu mambo ni mgeni anayeanza kueleza, kwa mifano, kwamba hata Njombe mwezi wa saba kuna baridi.

Ila neno hilohilo likivuka bahari linabadilika uzito. Mama akituuliza kwa simu, "Huko mvua?" anasalimia tu. Sisi tukimuuliza, "Huko mvua zimeanza?" hatusalimii. Tunauliza kama mahindi yameota, kama paa la jikoni limezibwa, kama mdogo wetu bado anavuka korongo kwenda shule. Aliyekuwa Dar es Salaam Desemba 2011 hawezi kukwambia mvua ni porojo: bonde la Mto Msimbazi lilifurika, watu wakafa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Wenzetu wa Kenya wanakumbuka Mai Mahiu, usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliposhuka na kuzoa nyumba watu wakiwa usingizini. Siku kama hizo, simu ya nyumbani isipopokelewa mara mbili, darasani hakuna kinachoingia kichwani.

Hata utani wa mpira umelowa maji hayohayo. Makao makuu ya Yanga yako Jangwani, kando ya bonde lile, na masika yakija mashabiki wa Simba huwaita watani wao vyura. Yanga hujibu, tena kwa maneno ambayo mhariri wetu hatayapitisha. Klabu moja ilianzishwa 1935, nyingine 1936, na tangu hapo hakuna aliyemsamehe mwenzake. Katika chama chetu tunao wa pande zote mbili, tunao wa Gor Mahia na wa AFC Leopards, na tunaye mmoja wa Lubumbashi ambaye kila akitajwa Mbwana Samatta hutukumbusha alikoivia: TP Mazembe. Tunamkubalia. Lakini bao la Wembley, Machi 1, 2020, dhidi ya Manchester City, hilo hatugawani naye, hata kama Aston Villa walifungwa 2-1.

Wote hawa, wa Jangwani na wa Lubumbashi, walianzia kwenye mpira wa aina moja. Unachukua matambara na karatasi, unaviringisha, unatia ndani ya mfuko wa plastiki, unafunga kwa kamba, unaongeza mfuko mwingine, unafunga tena, hadi upate kitu chenye uzito wa kuumiza kidole gumba. Goli ni ndala mbili. Kona tatu ni penalti. Mwenye mpira hakai benchi hata kama hajui kucheza, na wa namna hiyo tulikuwa nao wengi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, na siku moja tulitumia mkutano mzima wa chama, ambao ulikuwa na ajenda nyingine kabisa, kujadili watoto wa leo wanasuka chandimu kwa kitu gani. Mwanachama mmoja alisema wadogo zake wanatumia soksi za shule. Mkutano ukahuzunika kidogo kwa ajili ya hizo soksi.

Mechi zile hazikuwa na saa. Mwamuzi alikuwa jua: likizama, mchezo umekwisha, na anayeongoza ameshinda. Tulipofika huku ndipo tulipogundua kwamba jua hilohilo limetutengenezea lugha. Mswahili huhesabu saa tangu kunakucha, naye hukosei sana, kwa sababu karibu na ikweta jua halichezi mbali na saa kumi na mbili, mwaka mzima. Njoo sasa Leeds katikati ya Desemba. Jua linachomoza saa mbili na zaidi ya robo, na saa kumi jioni haijafika limekwisha kuzama. Mwezi Juni, saa nne usiku bado angani kuna mwanga, na sisi tunashindwa kuliita jambo hilo usiku. Tumejaribu kuazima kipupwe kwa ajili ya majira haya ya baridi, lakini aliyeonja kipupwe cha Tanga, kile cha kuvaa shati la mikono mirefu, anajua tumelitwisha neno hilo mzigo usio wake.

Gizani humo ndimo tunamoamka kwenda kazini. Visa ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na saa hizo tunazijaza maghalani, kwenye majiko ya hoteli, na sana sana katika nyumba za kulelea wazee. Ni kazi halali na tunaifanya vizuri. Lakini jaribu kumweleza baba aliyewaita majirani na kuchinja mbuzi siku ulipopata nafasi ya chuo kwamba asubuhi hii umewaogesha wazee watano wasio ndugu zako. Akiuliza, "Kazi vipi?" tunajibu, "Kazi ipo, baba, ila baridi." Anaelewa kwamba hapo pamefungwa, naye anageukia mpira. Wala si sisi peke yetu tunaofunga. Naye hatuambii kwamba presha imepanda. Anatuambia Simba imefungwa.

Mmoja wetu anamhudumia mzee ambaye majina ya wanawe yamemtoka. Akisaidiwa kuvaa hutazama dirishani na kusema mvua inakuja, kisha huanza kutaja kikosi cha timu ya utotoni mwake, kipa hadi winga ya kushoto, bila kukosea. Mwenzetu sasa amekihifadhi kikosi hicho. Mzee akikwama kwenye beki wa kulia, yeye humtajia, na shati linavalika bila vita.

Tungependa kusema kwamba angalau kwa mpira tumefaidi, maana tumekuja kuishi katika nchi yenye Ligi Kuu inayotazamwa kila kijiji chenye king'amuzi. Basi sikieni. Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, mechi za hapa hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni za Uingereza. Utaratibu huu una mizizi yake katika miaka ya 1960, kwa hofu kwamba watu wakiona mpira sebuleni wataziacha timu ndogo zicheze mbele ya viti vitupu. Hofu hiyo ina maana, na wanaozipenda timu ndogo tunawaheshimu. Lakini matokeo yake ni kwamba sisi tuliopo maili chache kutoka uwanjani hatuoni kitu, na tiketi ni ghali kuliko zamu nzima, huku Manzese watu wamejaa kwenye kibanda umiza wanaona kila faulo.

Kwa hiyo tumeteua mtangazaji. Ni mdogo wake mmoja wetu, yuko kidato cha pili. Jumamosi hulipiwa kiingilio, hukaa karibu na spika, na kila tukio hututumia ujumbe wa sauti. Walio zamuni husikiliza wakati wa mapumziko. Katikati ya kona na kadi za njano huingiza habari nyingine bila kuulizwa: bibi amerudi kutoka hospitali, mzee ameuza ile pikipiki, jana mvua iliingia hadi sebuleni lakini wameikausha. Ndipo tulipojua habari ya pikipiki.

Kuna tatizo moja lijalo. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za hapa hurudishwa nyuma, na mechi inayoanza kwetu saa tisa alasiri, ambayo sasa wao huiona saa kumi na moja, itaangukia saa kumi na mbili jioni kwao. Mama yake mtangazaji amekwisha kutoa tamko: dakika ya ishirini atoke kibandani, akasali magharibi, ale, arudi kipindi cha pili. Tumeomba aruhusiwe kula baadaye. Majibu hayajaja.